UZI: Ndege ya zamani, Tiger Moth, ikija kukaa Malindi msimu wa kaskazi, chumvi itaiacha salama?

FundiTanga · Ijumaa 21:14

Assalaam alaykum wanabaraza, na wengine wote hamjambo.

Nimerudi Malindi baada ya miaka minne kwenye hanga moja, banda la ndege, pale kiwanja cha Wilson, Nairobi, kazi yangu kuvalisha mabawa ya ndege kitambaa. Watu wakisikia unafanya kazi ya ndege hudhani unashika spana. Mimi nilishika mkasi, pasi na sindano ndefu kama mkono wa mtoto. Mzee wangu ni mshonaji matanga, kwa hiyo nyumbani walicheka sana: umepanda basi mpaka Nairobi kujifunza kushona?

Sasa kuna bwana mmoja ana Tiger Moth. Anataka kuiteremsha huku Desemba mpaka Machi, awe anaruka alfajiri, apige vitanzi viwili vitatu, yaani kuizungusha ndege duara wima hewani, mbali na watu kwa kibali chake, halafu ndege ilale hapa hapa. Kaniuliza neno moja tu: itarudi Nairobi nzima? Nikamwomba wiki.

Kijiweni kwetu Shela, hapa hapa Malindi, tuko saba, wote tumeshikwa na huu ugonjwa wa ndege za mabawa mawili, moja juu ya jingine, na hakuna anayemiliki hata gurudumu. Tumebishana mpaka mwenye kahawa kafunga dele lake kaondoka. Naleta kwenu.

Kwa asiyeijua: Tiger Moth iliruka mara ya kwanza Oktoba 1931, na marubani wengi wa Uingereza na makoloni yake walianzia humo wakati wa Vita vya Pili. Injini ni Gipsy Major ya nguvu farasi 130, silinda nne zimening'inia vichwa chini kama popo. Kiwiliwili ni mabomba ya chuma, mabawa ni mbao, na juu ya vyote hivyo kitambaa. Breki haina. Mkiani hakuna gurudumu, ni kipande cha chuma kinachokwaruza ardhi. Ikiwa tupu uzito wake ni kama nusu ya gari la Probox.

Hofu yangu ni chumvi. Malindi ukifuta kioo cha dirisha alasiri, asubuhi unaandika jina lako kwa kidole.

KahawaTungu · Ijumaa 21:40

Barabara ya mtaani kwetu ina shimo la kufugia samaki, nyie mnajadili nguo ya ndege ya babu zao wazungu. Haya. Lakini ngoja niulize: kitambaa? Mtu na akili zake anapanda juu kashikiliwa na kitambaa?

FundiTanga · Ijumaa 21:58

@KahawaTungu kitambaa kweli, kaka. Zamani ilikuwa kitani au pamba, kikipakwa dopu, majimaji yenye harufu kama ya rangi ya kucha. Dopu ikikauka inakivuta kitambaa mpaka ukikigonga kinalia kama ngoma. Siku hizi ni poliesta. Unaigundisha kwenye fremu ikiwa imelegea, kisha unaipiga pasi, joto ndilo linaikaza. Unapandisha joto hatua kwa hatua mpaka nyuzi 177 za Selsiasi, na hapo unasimama. Ukizidisha, kitambaa kinalegea na hakuna pasi itakayokirudisha.

Nililijua hilo kwa aibu. Mwaka wa kwanza nilikabidhiwa eleroni moja, kile kibawa cha ukingoni kinachoilaza ndege upande. Pasi ya pale kidude chake cha joto kilikuwa kimechoka, kila mtu alijua isipokuwa mimi. Nikaona kitambaa kinang'aa, kikajikunja kama mfuko wa nailoni uliosogezwa jikoni, halafu tundu. Mkuu wangu hakusema neno. Alichukua wembe, akachana kitambaa chote toka mwanzo hadi mwisho, akaniachia mifupa mitupu mezani, akaenda kunywa chai. Tangu siku ile siipigi pasi hata kanzu kabla sijaijaribu pembeni.

Amu_Mkunguni · Ijumaa 22:31

Mwanangu FundiTanga, mimi fundi wa majahazi hapa Amu. Mato yamechoka, mjukuu ndiye anaandika, kwa hiyo makosa ni yake.

Mumeanza na hofu isiyo yake. Munyu hauli mti. Jahazi hukaa ndani ya mai ya munyu miaka na miaka. Kinachoua jahazi ni mai matamu, mai ya mvua yakiingia pembeni yakakosa ndia ya kutoka. Hapo mti hulainika kama muhogo uliochemka. Munyu unakula msumari. Msumari ukiliwa unatanua tundu, tundu likitanuka mai matamu yaingia. Ndivyo chombo kinavyokufa, kwa mlango wa msumari.

Sasa nakuuliza. Hiyo ndege yenu ina tundu za kutolea mai? Na mataruma yake, mbavu zake, yameshikwa kwa nini, msumari au gundi?

FundiTanga · Ijumaa 22:49

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma ujumbe wako mara tatu, nikampa na baba asome.

Tundu zipo. Kila chumba cha bawa, upande wa chini kwa nyuma, tunagundisha kipete kidogo kisha tunakitoboa katikati. Nimewahi kuona ndege imepakwa rangi vizuri mno mpaka tundu zote zimezibika. Mwenyewe alifurahi inang'aa. Ilipofunguliwa, ndani ya bawa kulikuwa na harufu ya kisima.

Mataruma yanashikwa kwa gundi na misumari midogo kama ya fundi viatu. Na gundi ndiyo inayonitisha. Ndege nyingi za enzi hizo ziliunganishwa kwa gundi ya kaseini, itokanayo na maziwa. Ikipata unyevu wa muda mrefu kuvu wanaila. Kwa nje mti mzima, bawa zuri, ukigonga kwa ukucha unasikia pengo. Hii ya bwana wetu mabawa yalijengwa upya kwa gundi ya kisasa, nimeona karatasi zake, kwa hiyo hapo napumua.

Ila mabomba ya chuma ya kiwiliwili hayajengwi upya kila siku. Mafundi wa zamani walikuwa wanatia ndani ya bomba mafuta ya kitani, wanaligeuza geuza mpaka yamepaka kila mahali, wanamwaga yaliyobaki, wanaziba. Chuma kinaliwa kutokea ndani, na huko ndani huna jicho.

RubaniNusu · Jumamosi 06:20

Nimeamka na uzi huu, chai imepoa.

Jina langu linajieleza: leseni ninayo, saa za kuruka ninazo chache. Lakini niliwahi kukaa kwenye Tiger Moth dakika 30 huko Uingereza, nimelipia kwa pesa za likizo nzima, na mke wangu bado ananidai.

Mmesahau pangaboi, lile la puani linaloivuta ndege. Lile ni la mbao zilizopangwa tabaka kwa tabaka, na mbao inakunywa hewa. Ukilitoa Nairobi kukavu ukalileta Malindi, linavimba, boliti zinaliuma. Ukilirudisha Nairobi linanywea, boliti zinalegea. Kwa hiyo kuna kukagua boliti mara mbili, likishafika na likisharudi, na si siku ile ile, lipe muda lizoee. Na ndege ikilala, pangaboi liachwe limelala, usiliache limesimama wima. Likisimama, unyevu unatelemkia kwenye jani la chini, asubuhi jani moja zito kuliko jingine, na ukiwasha injini inatetemeka kama homa.

Halafu kuna habari njema. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari. Injini ya namna hii, isiyo na cha kuisukumia hewa, inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Piga hesabu: zile farasi 130 za kwenye karatasi Nairobi hazipo zote, zimepungua kama 20. Huku pwani, pamoja na joto letu, zinarudi karibu zote. Huyo bwana akiondoa mguu hapa ataona ndege imerudi ujanani.

Upepo: njia kuu ya kiwanja chetu ni 17 na 35, karibu kusini na kaskazini. Kusi inakuja karibu usoni, hiyo raha. Kaskazi inakuja kwa bega la kulia ukitumia 35, yaani ukielekea kaskazini. Kwa ndege isiyo na breki na yenye kukwaruza mkia kwenye lami, ule upepo wa saa tisa alasiri Januari ni wa kuuangalia ukiwa umekaa chini na dafu. Alfajiri, sawa. Na kama bado ina kile chuma cha mkiani, afunge gurudumu kabla hajaja, lami itakila chuma hicho kwa wiki moja.

BintiNgomeni · Jumamosi 08:05

RubaniNusu, kaka yangu, huwezi kusema ulipanda Tiger Moth ukaishia kwenye boliti. Tueleze!

RubaniNusu · Jumamosi 08:44

Haya dada.

Mwanafunzi anakaa nyuma, mwalimu mbele. Hata ukiruka peke yako unakaa kiti cha nyuma. Bawa la juu lilisogezwa mbele ili aliyekaa mbele aweze kutoka na parachuti yake haraka, halafu wakayavuta mabawa nyuma kwa mshazari ili mizani irudi. Ndiyo maana ukiitazama kutoka juu inaonekana kama mbayuwayu.

Kilichonishangaza ni sauti. Si injini, ni waya. Zile waya zinazokatiza kati ya mabawa si za mviringo, zimebapwa kama jani ili zikate upepo. Ukiwa na kasi zinapiga mluzi mwembamba. Ukipunguza kasi mluzi unashuka, unashuka, ukinyamaza ujue bawa linakaribia kukosa mbebo, ile nguvu ya upepo inayolibeba. Mwalimu alinifunika kile kisaa cha kasi kwa glavu yake akaniambia kwa bomba la kusemea nimwambie tunakwenda vipi. Nilikosea mara mbili, ya tatu nikapatia. Babu yangu alikuwa anajua kasi ya ngalawa gizani kwa namna hiyo hiyo, kwa kusikiliza kamba.

Kitanzi kilikuwa kitamu. Unainamisha pua upate kasi, unavuta fimbo ya kuongozea taratibu, bahari inapotea, anga, anga, kisha unageuza shingo nyuma unaona nchi inakuja ikiwa juu ya kichwa. Injini haikukohoa hata kidogo, kwa sababu kwenye kitanzi mwili unakandamizwa kitini na mafuta nayo yanaendelea kushuka kutoka tangi lililo kwenye bawa la juu. Lakini ukiilaza chali na kubaki hivyo, mafuta hayafiki, injini inazima. Inakaa kimya. Ukiirudisha sawa, upepo unalizungusha pangaboi na inawaka tena. Mwalimu alinionyesha mara moja. Ule ukimya sijausahau.

KahawaTungu · Jumamosi 09:30

Injini inazima hewani nanyi mnasema tamu. Na ikianza kuzunguka kama pia ikaja kuangukia soko letu je?

RubaniNusu · Jumamosi 10:12

@KahawaTungu hilo ndilo swali la maana kuliko yote uliyouliza, na nakujibu bila mzaha.

Kwanza, sarakasi hazifanywi juu ya mji. Kibali, eneo, kimo, hayo ni ya mamlaka ya usafiri wa ndege na hayana kujuana.

Pili, huo mzunguko wa pia. Bawa moja likikosa mbebo kabla ya jingine, ndege inaanguka huku inazunguka. Mwili wako unakwambia vuta fimbo, inua pua. Ukivuta unajizika, kwa sababu bawa tayari limenyimwa upepo na wewe unazidi kulinyima. Miaka ya mwanzo marubani walikufa hivyo na hakuna aliyejua kwa nini. Mwaka 1912 huko Larkhill, Uingereza, Luteni Wilfred Parke aliingia kwenye pia, akavuta, ikakataa. Alipokuwa hana la kupoteza akakanyaga usukani wa mkia upande wa kinyume, na ikatoka. Akashuka akaeleza alichofanya, watu wakaandika. Mpaka leo unafundishwa hivyo: punguza gesi, kanyaga kinyume cha mzunguko, sukuma fimbo mbele, subiri. Hiyo subiri ndiyo ngumu. Na kwenye Tiger Moth kuna vibao vya mbele ya bawa la juu vinavyojifungua vyenyewe kwa mwendo mdogo. Kabla ya sarakasi lazima uvifunge.

Kwa hiyo kimo. Ukiwa juu una dakika ya kukumbuka. Ukiwa chini kwa ajili ya kupigiwa makofi na watu wa ufukweni, huna.

Kipepeo_MLD · Jumamosi 11:37

Na aliyepiga kitanzi cha kwanza duniani hakupigiwa makofi. Nesterov, Mrusi, Septemba 1913 pale Kyiv. Wakubwa wake walimfungia siku 10 kwa kuhatarisha mali ya serikali. Ndege yenyewe ilikuwa ya bawa moja, msinipige.

Tukiwa kwenye kumbukumbu: kila mtalii anayefika Takaungu ataambiwa habari za Denys Finch Hatton, yule mwindaji Mwingereza, na nyumba yake pale, na Gipsy Moth yake, ndugu mkubwa wa hiyo Tiger. Alianguka Voi tarehe 14 Mei 1931. Anayetajwa ni yeye. Ndani ya ndege walikuwa wawili. Mwingine alikuwa Kamau, mtumishi wake, na alikufa pale pale. Nikisimulia habari hii natanguliza Kamau.

BintiNgomeni · Jumamosi 13:20

Ahsante Kipepeo.

@KahawaTungu kuhusu mambo ya babu zao wazungu: mimi nimekulia Ngomeni. Tarehe 12 Desemba 1970 roketi iliruka kutoka majukwaa ya San Marco, pale baharini mbele ya kwetu, ikabeba setilaiti iliyopewa jina Uhuru. Ya kwanza duniani kurushwa mahsusi kutazama miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Wavuvi wetu waliiona kabla ya maprofesa. Vya angani havina kwao.

Nami nina swali langu. Nasoma urubani, niko mwanzo mwanzo, na picha niliyobandika ukutani si Tiger Moth. Ni Pitts, ile ndege ndogo ya mabawa mawili ya rubani Mmarekani Betty Skelton, aliyoiita Little Stinker. Alikuwa bingwa wa sarakasi wa wanawake Marekani 1948, 1949 na 1950, na miwili ya mwisho aliichukua kwa hiyo. Mabawa yake hayafiki hata mita 5 na nusu. Hiyo ingekuja Malindi je?

RubaniNusu · Jumamosi 14:02

Dada, hiyo ni samaki mwingine kabisa. Curtis Pitts aliitengeneza ya kwanza mwaka 1944, ndogo makusudi, ili igeuke kwa wazo tu. Tiger Moth ni jahazi: unaliomba, linafikiri, linageuka. Pitts unaitazama kulia imeshaenda kulia. Mwaka 1972 Wamarekani walichukua ubingwa wa dunia wakiwa na Pitts, na ilikuwa dhidi ya ndege za bawa moja. Kwa kutua ni balaa, huoni mbele na inataka kugeuka nyuma mbele. Chumvi itaitendea vile vile, maana nayo ni chuma, mbao na kitambaa. Anza na Tiger, picha ibaki ukutani.

BintiNgomeni · Jumamosi 14:05

Picha haitoki.

Amu_Mkunguni · Jumamosi 16:48

Nimesubiri mutaje banda, hamutaji. Italala wapi?

FundiTanga · Jumamosi 17:15

Mzee, hapo ndipo tuligawanyika kijiweni. Kuna aliyepewa ahadi ya banda la mabati. Mimi nasema mabati hapana. Mchana ni tanuri, usiku yanatoa jasho, na jasho hilo ni maji matamu yako yale yale, yanadondokea bawa la juu. Nataka makuti. Paa la makuti linapumua, kivuli chake baridi. Wenzangu wanasema makuti ni moto, ni panya, ni vumbi la kila siku.

Amu_Mkunguni · Jumamosi 17:33

Makuti, muno. Ubavu wa kusi na kaskazi uache wazi, upepo upite. Nti chini umwage kokoto, si mtanga, mtanga washika unyevu. Panya ni kazi ya paka. Moto ni kazi yenu, anayevuta sigara akae mbali. Na mai ya kisima cha Malindi yana munyu, musiioshee ndege. Kingeni ya mvua.

FundiTanga · Jumapili 20:26

Nimemjibu bwana leo mchana. Nimemwambia aje, kwa haya: banda la makuti kando ya kiwanja akikubaliwa, kuoshwa kwa maji ya mvua kila jioni aliporuka na kukaushwa kwa kitambaa, waya zote kupakwa girisi nyepesi penye viungio, boliti za pangaboi kukaguliwa siku ya tatu baada ya kufika, tundu za bawa kuchunguzwa kila Ijumaa. Na gurudumu la mkia. Amekubali yote isipokuwa gurudumu, anasema litaharibu sura. RubaniNusu, mpigie simu wewe, mimi sina lugha ya kumbembeleza.

Kuna jambo moja nataka kuwaonyesha kabla sijalala. Kitambaa hakishikiliwi na gundi peke yake. Kila taruma la bawa linashonwa: sindano inashuka kutoka juu, inatokea chini, inazunguka taruma, inarudi, na kila mshono unafungwa fundo lake ili mmoja ukikatika wengine wasifumuke. Karibu na pangaboi, penye upepo mkali, mishono inasogezwa karibu karibu. Uzi unapakwa nta kwanza. Fundo lile lilinichukua wiki mbili kulijua. Pale hanga tulifundishwa kwa mchoro, mishale nyekundu na bluu, na mkaguzi aliwahi kunifumulisha taruma zima kwa sababu ya fundo moja lililogeuka.

Leo baada ya laasiri nilikuwa barazani nafanya mazoezi kwenye kipande cha mbao, nisije nikasahau mkono. Ami yangu, anayeshona nyavu pale karibu na forodha, akapita na kikombe chake. Akasimama. Akaniuliza, mbona wafunga fundo la juya bila nyavu?

Nikampa uzi. Hakukaa hata chini, kikombe mkono wa kushoto kakiweka ukutani, akafunga sita mfululizo akizungumza habari za bei ya kingfish. Nimeyapima kwa rula. Yamelingana yote. Nikamwonyesha mchoro wangu wa mishale, akautazama, akaugeuza juu chini, akanirudishia.

Bwana anafika wiki ya kwanza ya Desemba, Mungu akipenda. Ndege haina breki, kwa hiyo wakati wa kuwasha tunahitaji watu wawili wa kukalia mkia na mmoja wa kuweka vizuizi vya magurudumu. Anayetaka aseme hapa, na aje na viatu vya kufunga. Ndara hapana.

KahawaTungu · Jumapili 20:41

Mkia niandikie mimi.